Deki ya Krona Mia Mbili

Deki yetu ya zamani ilikufa Jumanne
mdomo wazi, mkanda ukining'inia
kama tambi kidevuni mwa mtoto.
Torsten aliuvuta taratibu, akauviringisha kwa penseli.
Kipande cha urefu wa kiganja kilikuwa kimetafunwa.
Kiganja kimoja: ni maneno mangapi hayo
kwa watu wanaosema kwa viganja?

Hapa Örebro theluji ya Machi haina haya,
huaga mchana, usiku ikarudi kudai chumba chake.
Tulikwenda kwa miguu hadi duka la vitu vilivyotumika,
tukapita skii zisizo na pacha, birika zisizo na vifuniko,
mpaka rafu ya chini kabisa, deki tatu zimelala
zimejikunjia waya kama paka mikia.

Kijana wa duka, Jimmie kwa mujibu wa beji,
alituzuia. Akagusa masikio yake, akakunja uso.
Torsten akampa karatasi. Akaandika:
INAPIGA KELELE KAMA NGURUWE. NDIYO MAANA BEI CHINI.
Tukatazamana, mume wangu na mimi.
Rahisi ni ghali, husema wenye masikio.
Tulicheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Nikaandika: TUNAICHUKUA.
Maskini, akapigia mstari neno KELELE, mara mbili.
Nami nikapigia mstari TUNAICHUKUA, mara tatu.

Nyumbani saa yake ilipepesa sifuri nne, sifuri nne.
Haikujua ni lini, nasi hatukuiambia.
Nililaza kiganja juu ya bati lake
kama mtu anayepima homa:
kwanza kimya cha bati baridi,
kisha mtekenyo,
kisha kitu kizito ndani kikashika kingine, kikazunguka.
"Inakwenda," nilimwambia Torsten kwa mkono uliobaki.

Märta wa Luleå, mwaka themanini na tisa,
akaja amefungwa mkanda wa chenga kiunoni.
Vidole juu, viwiko chini, katikati mvua.
Kwetu hicho ndicho kigugumizi.
Torsten akabonyeza, mvua ikapanda hadi shingoni;
akabonyeza, ikashuka; akatukana kwa kidole kimoja;
hatimaye ikateremka chini ya meza ya Märta, ikatulia huko,
na mikono ikatoka mizima,
pete ile ile iliyombana,
ikaniita kwa jina langu: vidole viwili shavuni.

Siku zile simu haikuwa na faida kwetu.
Barua zetu zilikuwa hizi, kaseti ndani ya bahasha nene, stempu sita.
Anasema, kwa kidole gumba kivivu cha watu wa kaskazini,
paka amezaa katika sanduku la viatu.
Anasema Pasaka atakuja, akipata likizo.
Anaanza mzaha wa kasisi na baiskeli,
na hapo ndipo deki ya kwanza iling'ata.
Picha inaruka. Märta yuko ng'ambo ya mzaha,
anajipiga mapaja, anafuta machozi.

Tulirudisha mara nne.
Kasisi anapanda baiskeli. Chenga. Machozi.
Torsten akanipa mwisho anaoukumbuka yeye,
nami nikampa wangu.
Havikufanana hata kidogo,
wala hakuna uliostahili machozi yale.

Saa tatu usiku taa ya mlango ikamweka.
Bengt-Åke wa ghorofa ya chini, na ndara zake,
viganja vimeziba masikio,
akanyoosha kidole kwenye sakafu, kwenye deki, kwenye mbingu.
Tulimpa kahawa. Tukakunja blanketi la sufu,
tukaliweka chini ya mashine, yeye akisikiliza
na kutuelekeza: bado, bado, sasa.
Akaondoka ameridhika.

Mimi ndiye niliyebaki na lalamiko.
Blanketi limemeza ule mtikisiko.
Sasa sharti nikandamize kiganja kwa nguvu,
nikitoa macho kama mganga asiye na hakika,
ili nijue kama bado inazunguka.